Siku Nilipowatafsiria Wagombea wa Kinshasa

Kwa miaka mingi nilisimama upande wa kushoto wa wahubiri. Ndiyo nafasi ya mtafsiri katika kanisa letu la Butembo: mhubiri katikati na Biblia yake, na wewe hatua moja pembeni, unangoja avute pumzi ili uingie. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, na ndiye aliyeniweka pale, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Kifaransa na sauti yangu ilifika benchi la mwisho bila mikrofoni. Watu hudhani mtafsiri anabeba maneno tu, kama mtu wa tshukudu anavyobeba magunia kwenye baiskeli yake ya mbao. Si kweli. Mhubiri akitoka mbali akasema mioyo yetu itakuwa myeupe kama theluji, nani Butembo ameona theluji? Mimi nilisema myeupe kama unga wa muhogo uliokauka vizuri, na akina mama wakaitika amina. Mhubiri akichoka, nilimwamsha. Akipotea, nilimrudisha njiani. Wengi walisifiwa kwa mahubiri ambayo nusu yake ilikuwa yangu, wala sikulalamika. Nilijivunia, tena sana. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanihurumia.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita. Mji wetu na Beni ilikuwa mikononi mwa waasi wenye ofisi zao kule Beni. Tuliwaita mouvement, basi, na kila mtu alijua ni akina nani. Halafu ikasemekana vita vinaisha. Huko Kinshasa wenye bunduki wote wangegawana viti vya bunge, na mouvement yetu nayo ingepata vyake. Ofisi ya Beni ikatangaza kwamba haitachagua watu wake kisirisiri. Kila anayetaka kiti aje mbele ya raia, aeleze ametoka wapi, amefanya kazi gani na kwa nini anataka kwenda. Ripoti ingeandikwa, ipelekwe Beni, na Beni wangeamua. Tulifurahi kama wajinga. Hakuna aliyekuwa ametuuliza chochote kwa miaka, kwa hiyo hata harufu ya swali ilitulewesha.

Upande wa Butembo walichagua ukumbi wa kanisa letu, kwa sababu paa lake lilikuwa halivuji. Nami nikaambiwa nitatafsiri.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nilimkuta shangazi yangu amekaa mlangoni kwangu, miguu imevimba, kitambaa kichwani kimejaa vumbi. Shangazi huyu ni dada mkubwa wa baba. Aliishi Mbau, akilima muhogo na kukamua mafuta ya mawese, na wanawake wa soko la kule walikuwa wakimsikiliza kuliko chifu. Alikuwa ametembea kutoka Mbau mpaka Beni, kisha akapanda kamyo mpaka Butembo. Aliniambia amekuja kuomba kiti.

Nilikasirika. Nilidhani atajiaibisha, na kusema kweli nilidhani ataniaibisha mimi.

"Shangazi, kule batu batasema Kifaransa."

"Na weye uko wapi? Hapana weye njo mutafsiri?"

"Na utabaambia nini?"

Tulikuwa tunakula bugali na sombe ya majani ya muhogo. Akanawa mkono kwanza, akaufuta, ndipo akaanza. Kati ya Mbau na Mavivi askari wa mouvement walikuwa wamevuta mwanzi kuikata barabara. Mwanamke akipita na mafuta yake, wanachota. Akipita na muhogo, wanatoa wa kwao. Akirudi mikono mitupu, wanamuuliza ameficha wapi. Hayo niliyajua, kila mtu aliyajua. Lakini mwaka ule binti yake wa mwisho alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto amekaa vibaya, na wanaume wanne wakambeba kwa tipoyi, machela ya miti, kumpeleka hospitali ya Beni. Pale kwenye mwanzi wakazuiwa. Askari walitaka karatasi ya ruhusa, na mwenye kuiandika alikuwa amekwenda kunywa. Binti yule alifia pale pale, kabla ya adhuhuri, na mtoto tumboni.

"Mimi nataka kufika kule kwenye beko naandika sheria," akasema. "Nibaulize: nani aliandika kama ile barrière inapashwa kuwa pale? Kama kuko mutu aliandika, anionyeshe. Kama hakuna mutu aliandika, bon, baiondoe. Mama akitoka shamba na muzigo yake, afike nayo kwake, muzima. Ni ile tu."

Nilimtandikia kitanda changu, nami nikalala na watoto.

Kesho yake ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mezani mbele alikaa mtu wa ofisi ya Beni, mwenye miwani na saa kubwa, na karani wake wa kuandika ripoti. Pembeni yao walikuwa mchungaji wetu, padri mmoja na mfanyabiashara wa pale mjini. Utaratibu ulikuwa hivi. Mgombea anasema Kifaransa, karani anaandika, mimi nawaeleza watu kwa Kinande. Kama mgombea atasema Kinande, mimi namtafsiria karani kwa Kifaransa. Sasa sikia ujinga wetu: wagombea wote walikuwa watoto wa pale pale, Kinande walikinyonya. Lakini mtu anayetaka kwenda Kinshasa angesimamaje mbele ya ofisi aseme kama mtu wa shamba? Mkubwa alisema Kifaransa, akawa na mtu wa kumtafsiria hata mbele ya mama yake mzazi.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyefanya kazi serikalini tangu enzi za Zaire. Alitaja kila ofisi aliyokalia na kila bosi aliyemsifu. Mwisho akasema yeye binafsi hataki kitu, ila raia wamemwomba. Wa pili alikuwa mwenye maduka. Naye hataki kitu, naye ameombwa. Nilitazama watu wote waliojaa mle ndani nikajiuliza ni nani kati yetu amekuwa akizunguka usiku na mchana kuwabembeleza watu hawa. Lakini kazi ni kazi. Niliwanyoosha kidogo, nikawapunguzia maneno, watu wakapiga makofi ya adabu.

Wa tatu alikuwa mtu wa makamo, amerudi karibuni kutoka Kampala, amevaa koti ambalo mikono yake ilifunika vidole. Alisema yeye ni mtoto wa nchi. Alisema nia yake ni maendeleo, maendeleo endelevu, maendeleo yanayotoka chini. Akanyamaza, akanigeukia.

Akina mama walinikodolea macho, watoto mgongoni, mashamba yao yakiwangoja. Niliona haya kuwapa yale makapi. Kinywa changu kilikuwa kimezoea, kikafunguka chenyewe, na kilichotoka ni hiki: "Mimi ni mtoto wa milima hii. Nataka mama akitoka shamba na mzigo wake afike nao kwake, mzima. Na yule aliyekata barabara kwa mwanzi, nataka nimuulize nani aliandika kwamba mwanzi uwe pale."

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya mabenchi. Yule mtu wa koti aliyasikia yote, maana Kinande alikijua kama mimi. Alinitazama kwa mshangao, kisha akatikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyekuta shamba lake limeshapaliliwa. Tangu hapo akawa anasema kidogo na kuniachia nafasi kubwa. Mtu wa ofisi, ambaye alikuwa wa upande wa mbali na Kinande hakukijua, aliona tu kwamba raia wanampenda mtu wao, akamnong'oneza karani aandike makofi.

Shangazi yangu alipiga makofi kuliko wote. Alikuwa benchi la mbele. Alimwambia jirani yake, nami nikamsikia, kwamba huyu ameyaona, huyu anajua.

Kisha zamu yake ikafika. Mtu wa ofisi akaniuliza kwa Kifaransa kama tuna undugu, maana sura zetu zilifanana. Nikasema ndiyo, ni dada ya baba yangu, ila nitamtafsiri kama nilivyowatafsiri wengine. Nilisema hivyo kwa sauti ya juu, kidevu juu, mtu wa haki kabisa.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Wakatoliki wanaungama ndani ya sanduku, sikioni mwa mtu mmoja, na hakuna anayeandika. Sisi wa kanisa letu tunaungama mbele ya watu wote. Mtu akiambiwa asimame aeleze maisha yake, anatoa ushuhuda, na ushuhuda unaanza na dhambi. Kwanza unaweka machafu yako yote mezani, ndipo watu wajue kwamba utakayosema baadaye ni ya kweli. Tena kuna sharti: hutoi sababu. Ukisema niliiba kwa sababu ya njaa, wazee wanakukatisha, wanakuambia hujatubu bado, unajitetea. Shangazi alikuwa ametoa ushuhuda maisha yake yote. Alipoambiwa aeleze ametoka wapi, hakujua namna nyingine. Wala mimi sikufikiri kumwonya. Nilikuwa na jioni nzima ya kumwonya.

Akasimama, akaufunga vizuri mtandio, akasema Kinande. Alisema shule aliiacha darasa la nne. Alisema kabla ya kuokoka alipika pombe ya kasikisi na kuwauzia hata walevi wenye watoto wenye njaa. Kisha akasema kwamba vita vilipofika Mbau aliwapikia askari, miezi minne, kwa mikono yake, na akala nao.

Mtu wa ofisi akainua kichwa niliposema hayo kwa Kifaransa. "Askari gani?"

Hakumuuliza shangazi. Aliniuliza mimi. Nami nikajibu: wale wa upande wa pili, waliokuwa wameshika Mbau kabla ya mouvement kurudi.

Nilijua kwa nini aliwapikia. Nusu ya ukumbi ilijua. Askari wale walikuwa wameanza kuingia nyumba kwa nyumba kutafuta wasichana wa kuwapikia na kulala nao. Shangazi akaenda kambini na sufuria yake akamwambia mkubwa wao kwamba yeye atapika, yeye na wajane wenzake wawili, na wasichana waachwe. Ilikuwa sentensi moja tu. Ningeiweka pale, hakuna ambaye angenikosoa: wagombea nilikuwa nimewanyoosha wao wenyewe, na padri angenishukuru. Nilikuwa nimempa mtu wa koti sentensi ishirini ambazo hakuwa nazo. Lakini yule mtu mwenye saa kubwa alikuwa ananitazama, nami nilikuwa nimesema nitakuwa wa haki. Nikatafsiri neno kwa neno, jinsi nilivyowafundisha wanafunzi wangu. Karani akaandika.

Baada ya dhambi zake alisema sababu yake. Ni yeye peke yake siku ile aliyesema, "Nataka." Hakuombwa na mtu. Alisimulia mwanzi, tipoyi, binti yake. Nilitafsiri na hayo vilevile, makavu, bila kuongeza hata pumzi. Alipomaliza, ukumbi haukupiga makofi. Ukaimba, kama tunavyofanya ushuhuda ukiwa wa kweli, na akina mama wengine walikuwa wanalia. Mtu wa ofisi aliniuliza mbona kwa huyu hawapigi makofi. Nilimweleza kwamba wimbo ni zaidi ya makofi. Sikuona karani akiandika hilo.

Baada ya wiki kadhaa mchungaji aliniita ofisini kwake. Barua ilikuwa imetoka Beni. Mtu wa koti amechaguliwa. Jina la shangazi limekatwa, kwa maana alishirikiana na adui na amekiri mwenyewe hadharani. Mchungaji aliikunja barua vizuri, akasema tuombe. Sikuweza kuomba. Nilikuwa na hasira na ofisi ya Beni, iliyojaa watu waliokula na adui wa kila rangi na hawakukiri kitu. Nilikuwa na hasira na kanisa lililotufundisha kuanika dhambi zetu kama maharage bila kutuambia kwamba si kila anayepita ni jirani. Nilikuwa na hasira na shangazi kwa unyofu wake. Labda majina yalikuwa yameshapangwa hata kabla ya mabenchi kufutwa vumbi. Wengi waliniambia hivyo, na nimejaribu miaka mingi kulala juu ya neno hilo. Lakini barua niliisoma, na maneno yale ya Kifaransa yalikuwa yangu, niliyajua kama mtu anavyojua mwandiko wake.

Nilikwenda Beni kumpa habari. Alikuwa amefikia kwa ndugu zetu pale mtaani Bungulu, akingoja.

"Bamekataa, shangazi."

"Juu ya nini?"

"Banataka batu ya diplôme."

Nilisema uongo huo bila kupepesa macho. Aliinamia kikapu cha mboga alichokuwa anachambua, akatoa jani moja bovu, la pili, la tatu.

"Na yule ya koti anaenda?"

"Anaenda."

"Bon. Basi haizuru. Yule alisema ile yote nilitaka kusema, tena vizuri kunipita. Kama yeye anaenda, ni kama mimi niko naenda."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu. Nikamuuliza kama maji yapo, nikanywa, nikarudi Butembo.

Siku ya ndege ya Kinshasa nilikwenda tena Beni, kwa kuwa shangazi alinitumia ujumbe kwamba tumsindikize mtu wetu. Uwanja wa ndege wa Mavivi ulikuwa umejaa wanafunzi waliotolewa madarasani, ngoma, askari na mabibi waliovaa vitenge vya sare. Mtu wa koti alisimama akasema Kifaransa, na karani mmoja wa Beni akamtafsiri kwa Kiswahili. Karani alitafsiri kile kilichosemwa tu, na kilichosemwa kilikuwa maendeleo, amani, asante kwa mouvement, asante kwa wazazi. Nilimtazama shangazi. Alikuwa anangoja, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza kama mvua imeanza juu ya bati. Hotuba ikaisha. Mwanzi haukutajwa. Na ulikuwa mbele tu ya pale, kwenye barabara hiyo hiyo.

Shangazi akapenya katikati ya askari. Nilimfuata nikimvuta mtandio, akanikung'uta. Akamshika mtu wa koti mkono, akamwambia kwa Kinande, kwa heshima zote, "Baba, ile ya mizigo usiisahau. Ile ulisema Butembo. Mwanzi. Ubaulize nani aliandika."

Mtu yule akamtazama bila kuelewa, kisha akaniona mimi nyuma yake, akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu mwenye furaha anayepanda ndege.

"Aa, mama! Ile haikukuwa yangu. Ile ilikuwa ya mwalimu huyu. Alinitafsiri vizuri mpaka nilijipenda mwenyewe." Akanipa mkono, akanishukuru, "Wasingya, mwalimu. Wasingya sana." Halafu akaitwa, akaenda.

Tulitoka mpaka barabarani. Ndege ikapita juu yetu, na wanafunzi wakaipungia. Shangazi alingoja mpaka kelele za ndege ziishe.

"Maneno yangu ulimupa yeye."

"Ndiyo, shangazi."

"Na mimi ulinisema namna gani, mu Kifaransa?"

Nikamwambia yote. Kwamba haikuwa diplôme. Kwamba barua ilisema alishirikiana na adui, na neno walilitoa katika ripoti, na katika ripoti lilitoka kwangu. Nilimwambia na lile swali la askari gani, na jibu langu. Nililia, lakini yeye hakulia, na hilo lilinikera hata siku ile, kwamba nilie mimi.

"Ukasema nilibapikia."

"Ndiyo."

"Ya bale basichana hukuiweka."

"Hukuisema, shangazi. Mu ushuhuda hatusemake sababu."

Alijitwika kikapu chake, akakiweka sawa kichwani kwa mikono miwili, akageukia upande wa Mbau.

"Na yule ya koti naye hakuisema, lakini yake uliiweka," akasema.